Doriani la Desemba

Kijiji cha Trapeang Rokar, huku kwetu Kambodia, kina watu wasiojua kusoma, kina watu waliolima maisha yao yote na mpunga wao bado unatia huruma, kina hata mzee mmoja ambaye nguruwe wake humtoroka kila mwaka siku ile ile ya sikukuu. Lakini mwanamke akijifungua halafu akaugua, humpati hata mmoja asiyejua amekosea nini. Hapo wote ni madaktari, mpaka mwenye nguruwe.

Chanthou, mke wa Sambath dereva wa lori, alijifungua mtoto wa kiume mvua zilipokuwa zinaisha. Kufika Desemba alikuwa hajiwezi. Homa hana, kidonda hana, damu ilikwisha vizuri. Anakaa tu kwenye kitanda cha mianzi uvunguni mwa nyumba, maana nyumba zetu husimama juu ya nguzo, kavaa koti la mumewe, soksi na kofia ya sufu kama mzazi anavyotakiwa, macho yamegota kwenye nguzo. Mtoto akilia, anamsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mtoto akilala, yeye halali. Nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa tangawizi na pilipili manga, chakula cha wazazi, inakuja inafuka moshi, inarudi imeganda mafuta. Mbwa wa nyumba ile alinenepa mwaka huo hata akashindwa kubweka.

Na huyo, jamani, ndiye Chanthou. Kabla ya mimba alikuwa anashona kola kwenye kiwanda cha nguo kule barabara kuu, na asubuhi walikuwa wanapakiwa kwenye lori wamesimama, mikono juu, kama magunia yenye miguu. Safari nzima Chanthou alikuwa hafungi mdomo. Alimsema msimamizi wao kwa jinsi anavyotembea, akawasema waliosinzia, akalisema lori lenyewe, ndipo akafika kwa dereva. "Ninyi wenzangu, hivi huyu anaendesha au anaswaga?" anauliza kwa sauti, na wanawake wote nyuma wanakufa kwa kicheko. Dereva ndiye Sambath. Alivumilia kutukanwa msimu mzima, mwishowe akapeleka posa, kwa sababu siku Chanthou alipokosa kuja kazini aliona lori limepwaya.

Sasa ule ulimi ulikuwa umenyamaza, na watu wakadhani umekufa. Haukufa. Uligeuka tu, ukawa unafanya kazi ndani. Wageni wakija kumwona mzazi, Chanthou kimya, lakini moyoni anawachambua mmoja mmoja. Huyu kaja kuona kama nimenenepa. Huyu kaja kula. Huyu alimtupa mtoto wake kwa bibi yake akaenda Thailand, leo ananifundisha kubeba. Wakishaondoka wote na kumaliza kuwachambua, ulimi unabaki hauna kazi, unamgeukia mwenyewe. Na wewe je? Mwanamke gani wewe? Paka wa jirani amezaa kwenye kapu la kuni, anajua la kufanya, wewe umelala kitandani unatazama nguzo. Hapo ndipo ulimi ulipokuwa hauna huruma hata chembe, na ulikuwa hauchoki.

Walimpeleka zahanati siku ya chanjo. Muuguzi alimpima mtoto, akafurahi, akaandika.

"Hongera mama, mtoto kashiba kweli."

"Mimi silali," Chanthou akasema. Maneno hayo alikuwa ameyapanga njia nzima.

"Nani analala na mtoto mchanga, dada yangu?" Muuguzi akacheka, na foleni yote ikacheka naye, wanawake wenye watoto migongoni, meno nje. "Utalala ukizeeka. Anayefuata."

Basi. Hayo ndiyo matibabu aliyopata. Chanthou alirudi nyumbani na dawa ya minyoo.

Sambath naye alikuwa mume mwema, yaani msaada wake ulikuwa hauna maana. Akitoka kazini anasimama mbele ya mkewe na funguo za lori mkononi, anahamisha uzito mguu huu kwenda mguu ule.

"Unataka nikununulie simu mpya?"

"Hapana."

"Basi unataka nini, mama yake?"

Chanthou anamtazama. Laiti angejua anachotaka. Sambath anakwenda kuosha lori, na lori la Sambath lilikuwa linang'aa siku hizo kuliko gari la bwana harusi.

Ila hao wote ni watu wadogo. Mkubwa wao alikuwa mama mkwe, Bi Yoeun.

Bi Yoeun alikuwa bingwa wa toas. Kwetu, mzazi akila kitu ambacho mwili wake haukitaki, au akifanya jambo kabla ya wakati wake, anashikwa na toas, na toas ni kila kitu: ni kuhara, ni kukonda, ni kizunguzungu, ni kulia ovyo, ni kuona mambo. Tiba yake ni moja. Kitafutwe kile kile kilichomdhuru, kichomwe mpaka kiwe majivu, majivu yatiwe kwenye pombe ya mchele, anywe. Kwa hiyo kazi yote ni kukijua chakula, na kukijua chakula ndiyo ilikuwa kazi ya Bi Yoeun. Alimkamata mmoja kwa kambare. Mwingine kwa chipukizi za mianzi. Mmoja maskini alihojiwa mpaka akakiri fungu la nanasi alilokula kabla hata hajaolewa. Walikunywa majivu, wakapona. Kama waliponywa na majivu au waliogopa kuhojiwa tena, hakuna aliyewahi kuuliza, na ungeuliza ungeona cha moto.

Sasa fikiria mtu kama huyo, ndani ya nyumba yake mwenyewe, mkwe wake mwenyewe kaugua, na chakula hakijulikani. Ilikuwa aibu. Bi Sarom, muuza tambi pale mlangoni mwa pagoda ya watawa, ambaye yeye na Bi Yoeun walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu ujana wao, alikuwa anauliza kila mteja, "Enhe, bingwa wetu kashapata jibu, au bado anapapasa?"

Kwa hiyo Bi Yoeun alihoji. Asubuhi anahoji, mchana anahoji. Anakaa kwenye kigoda mbele ya kitanda, kitambaa chake cha miraba kichwani, anachambua tambuu.

"Yai la bata?"

"Sikula."

"Figili nyeupe?"

"Sikula, Mama."

"Supu ile ya harusi ya akina Phany. Nilikuona na bakuli."

"Nilimshikia mtoto wao."

"Kushika na kunusa. Ulinusa?"

"Kila mtu alinusa."

"Usinijibu kama unavyowajibu wale wenzako wa kwenye lori. Mimi nilizaa saba, na siku ya nne nilikuwa shambani. Ninyi wa siku hizi mnazaa mmoja mnatazama nguzo. Sema ulikula nini."

Na Chanthou alikuwa hali. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kuchekesha, kama angekuwepo wa kucheka. Mwanamke ambaye sahani zake zinalishwa mbwa anatafutiwa alichokula.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo Chanthou hakumwambia mtu.

Kila mtu kwetu anajua mtoto mchanga anapotabasamu usingizini anacheza na mama yake wa kwanza, yule aliyemzaa katika maisha yaliyopita. Mama yule hajamsahau. Anakuja kumchekesha, na akimpenda mno anaweza kumchukua. Wageni walipomwona Piseth, mtoto wa Chanthou, kwenye machela yake ya kubembea anatabasamu na macho yamefumbwa, walikuwa wanasema hivyo hivyo, "Tazama, mama wa kwanza kaja," na Bi Yoeun anafyatua vidole juu ya machela kumfukuza, na maneno mawili matatu yasiyoandikika.

Wengine wakisema wanasahau. Chanthou alikuwa hasahau. Alikaa akiutazama mdomo mdogo ule unavyokunjuka. Macho wazi, mtoto analia, anajipinda, anakataa ziwa, anakuwa mwekundu. Macho yamefungwa, anatabasamu. Yaani huyo mwingine anajua kumfurahisha. Ulimi wa ndani ukasema: si unaona mwenyewe? Mwenye mtoto yupo. Wewe umeshikilia tu mali ya watu. Mwanzoni lilikuwa wazo la kupita. Baadaye likawa linakaa. Likaanza kusema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa mbaya, kwa sababu ulikuwa upole wa pekee aliousikia tangu ajifungue. Ondoka, mpishe. Mtoto atakuwa na mama yake, Sambath ataoa mwanamke anayekula, na wewe utalala.

Kulala. Mtu aliyekesha wiki kwa wiki, ukimtajia kulala anakufuata popote.

Lakini ataondokaje? Nyumba haina siri. Uvungu hauna ukuta, mama mkwe kwenye kigoda, wageni wanaingia na kutoka kama mnadani. Kitu pekee alichohitaji ni wamwache kidogo peke yake, na hicho ndicho mzazi wa kijiji hiki hapewi. Atapewa ushauri mpaka masikio yatoke usaha, lakini hapewi nafasi.

Asubuhi moja Bi Yoeun alianza tena, "Maboga?" na Chanthou akainua uso kutoka kwenye nguzo.

"Mama. Nilikula doriani."

Tambuu ilisimama njiani kwenda mdomoni.

"Doriani?"

"Binamu yangu Kunthea alipokuja kutoka Kampot. Alileta mfuko wa machungwa, na ndani kulikuwa na vipande vya doriani vimefungwa. Nikatamani. Nikala."

Ungemwona Bi Yoeun. Alisimama bila magoti kulia, uso umenyooka. Doriani! Chakula chenye kuchemsha mwili kupita vyote, tunda ambalo hata mwanaume mwenye nguvu akilila na pombe anaweza asiamke, na mkwe wake kalila na tumbo bado bichi. Hii haikuwa kambare wala figili. Hiki ndicho kisa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kufumbua, na kilikuwa chini ya nyumba yake.

"Nilijua," akasema. "Nilijua ni kitu cha miiba."

Hakujua lolote, lakini mwacheni.

Basi nyumba ikasimama. Sambath akaitwa kutoka kwenye lori, akaambiwa aende sokoni mjini atafute doriani, au hata ganda la doriani, hata kokwa. Sambath, aliyekuwa amekaa muda wote huo bila la kufanya, aliondoka kwa kasi kama kaambiwa kuna moto. Majirani wawili waliokuja kusikiliza wakatumwa huku na huku. Bi Yoeun mwenyewe akafunga vizuri kitambaa chake, akashika njia ya pagoda, kwa sababu huko watawa huletewa vitu vya ajabu na wahisani wa mjini. Na tusidanganyane, vilevile kwa sababu njia ya pagoda inapita mbele ya meza ya Bi Sarom.

Kukawa kimya. Chanthou alikuwa hajasikia kimya hicho tangu mvua.

Alimnyonyesha Piseth, akambadilisha nguo, akamlaza kwenye machela, akaisukuma mara chache. Mtoto akalala, na baada ya kitambo mdomo ukakunjuka. "Haya," Chanthou akamwambia mtu asiyeonekana. "Ni wako. Halali upande wa kushoto." Akavua koti la mumewe, akalikunja. Akavua kofia na soksi. Akapita nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akashika njia ya bwawa ambako kijiji kizima huteka maji. Hakuchukua ndoo.

Kilichotokea barabarani Chanthou alikisikia baadaye, kama alivyokisikia kila mtu, maana Bi Sarom alikisimulia mpaka mwaka mpya wetu wa Aprili.

Bi Yoeun alifika kwenye meza ya tambi, akajifanya anapita tu. Halafu akasimama.

"Basi ndugu yangu, usihangaike tena kuuliza. Jibu limepatikana. Doriani."

Bi Sarom alikuwa anachuja tambi. Aliendelea kuchuja. "Doriani lipi?"

"Mkwe wangu alilila kwa siri. Nimemchimba mpaka katoa."

"Kwa siri."

"Uvunguni pale pale."

"Yoeun," Bi Sarom akasema, na wateja wakaacha kula, kwa sababu walimjua. "Mwezi huu mdoriani hata ua hauna. Hata hivyo tuseme lilianguka kutoka mbinguni. Doriani likipasuliwa kule kwa mkuu wa kijiji, mimi hapa nafunika sufuria kwa harufu yake. Mkweo kalila chini ya pua yako, na pua hiyo ilikuwa wapi? Ulikuwa umeiazimisha?"

Wateja walicheka hata mmoja akapaliwa na tambi, ikabidi apigwe mgongo.

Bi Yoeun alisimama pale. Maskini, akili ilikuwa inarudi nyuma yenyewe, inahesabu miezi, inanusa. Ni kweli. Doriani haliliwi kwa siri. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Yeye, bingwa, aliyekamata kambare na nanasi, alikuwa amemezeshwa doriani la Desemba na msichana asiyeweza hata kunyanyua kijiko, na alikuwa amelitangaza kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya mtu huyu kuliko watu wote duniani.

Aligeuka. Watu waliomwona wanasema hakutembea, alikuwa anakata hewa. Hakurudi kwa sababu ya huruma, tusimpambe. Hakuhisi kitu moyoni, hakuona dalili, jicho halikumcheza. Alirudi kwa sababu amevunjwa uso, na alitaka kumvunja mtu mwingine. Alipita njia ya mkato kupitia migombani ili afike haraka akiwa bado na hasira ya moto, na hapo kwenye migomba ndipo alipokutana na Chanthou uso kwa uso.

"Mwongo mkubwa wewe," Bi Yoeun akaanza hata kabla hajapumua. "Doriani! Umenituma nikachekwe na yule mchuja tambi. Doriani mwezi huu umelitoa wapi, kwenye cherehani? Nyumba nzima umeitawanya, mume wako yuko mjini anaulizia makokwa kama kichaa, na wewe uko huku unatembea kichwa wazi kwenye upepo. Unakwenda wapi?"

"Bwawani."

"Kufanya nini?"

"Kuteka maji."

"Kuteka na nini, na viganja?"

Chanthou alitazama mikono yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Bi Yoeun naye akaitazama. Akatazama miguu isiyo na soksi, kichwa kisicho na kofia, nywele alizozichana vizuri. 

Halafu akamshika mkono juu ya kiwiko, akamgeuza. Hakumbembeleza. Alimvuta kama unavyomvuta ndama aliyevunja uzio, na njia nzima anamtukana. Walipofika alimkalisha kitandani, akafungua kitambaa chake cha miraba kichwani, akafunga ncha moja kwenye kifundo cha mkono wa Chanthou na ncha nyingine kwenye kifundo cha mkono wake. Akakaa. 

"Hukula doriani."

"Hapana, Mama."

"Hukula kitu."

"Hapana."

"Sasa kama hukula kitu, una nini?"

Haya. Mtu mmoja hatimaye ameuliza. Miezi yote hiyo, kijiji chote, zahanati na mizani yake, na swali lenyewe lilikuwa fupi hivyo.

Chanthou alimwambia. Alimwambia vibaya, kwa kurudiarudia, na kamasi. Alimwambia halali, na ulimi haunyamazi. Kwamba anamtazama mtoto na hasikii kitu, halafu anasikia aibu, halafu hasikii hata hiyo aibu. Kwamba mama wa kwanza anakuja kila siku na mtoto anamchekea, na yeye hajachekewa hivyo. Kwamba ameamua ampishe.

Bi Yoeun alisikiliza akitafuna bila tambuu mdomoni. Chanthou alipofika kwa mama wa kwanza, Bi Yoeun aligeuza kichwa akaitazama machela.

"Yule?" akasema. "Yule ndiye unampisha?"

Chanthou akatikisa kichwa kukubali.

"Mwanamke ambaye hajawahi kumfuta mtoto huyu hata siku moja. Anakuja mtoto amelala, safi, kashiba maziwa yako, anamtekenya, anaondoka. Mtoto akiamka na kuhara, umemwona wapi yeye? Siku ile ya homa ya chanjo alikuwepo? Mimi sikumwona. Nilikuona wewe, na hilo koti la kuchekesha, unazunguka naye mpaka kukucha." Akatema mate pembeni, kuelekea machela, kwa heshima zote zinazostahili. "Ni kama wale mashangazi wa Phnom Penh. Wanaleta peremende, mtoto anawapenda, wanapanda gari. Kumchekesha aliyelala hata mbwa wangu anaweza. Mtoto analilia nani?"

Chanthou akafuta pua kwa ncha ya kitambaa.

"Nakuuliza. Akilia, analilia nani?"

"Mimi."

"Basi mpumbavu wewe. Analia kwa sababu anakutaka."

Hatasema mtu kwamba maneno hayo yalimponya. Ugonjwa si mdeni kwamba ukiuaibisha mbele za watu utajiondokea. Lakini kutoka puani mwa Chanthou kulitoka kitu, kifupi, cha kudharau, ambacho kilikuwa hakijatoka tangu siku za lori. Alikuwa amewaona mashangazi wa Phnom Penh. Wako hivyo hivyo.

Sambath aliporudi bila doriani alimkuta mama yake na mkewe wamefungwa pamoja kwa kitambaa, mtoto kapakatwa katikati. Akafungua mdomo kuuliza.

"Washa lori," Bi Yoeun akamwambia. "Na usiulize kitu. Kuuliza nimeuliza mimi."

Hawakwenda zahanati ile ya mizani. Walikwenda hospitali ya mkoa, kwenye chumba cha nyuma ambako watu huingia wakitazama chini ili wasionekane, na Bi Yoeun aliingia kifua mbele kama anayekwenda kudai. Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyeuliza maswali taratibu, naye akasubiri majibu, na hata Bi Yoeun alipotaka kumjibia mkwe wake aliinua kidole akamnyamazisha. Alisema ugonjwa huu una jina, unawapata wengi, na unatibika. Alisema mgonjwa asiachwe peke yake, alale usingizi mrefu na mtoto ashikwe na wengine, ameze dawa, arudi kila atakapoitwa. Bi Yoeun aliridhika na yote isipokuwa jina la ugonjwa.

"Mwambie pia kuhusu chakula," akasema.

"Chakula hakihusiki, bibi."

Bi Yoeun alimtazama daktari yule kwa huruma kubwa.

Na kitambaa hakikufunguliwa upesi. Kwa majuma Chanthou hakuenda hata chooni bila mtu. Bi Yoeun aliwafukuza wageni, wote, wenye ushauri na wenye njaa, kwa maneno ambayo mengine yanazunguka kijijini mpaka leo. Sambath alifundishwa kumshika mtoto, akamshika kama usukani, baadaye akamshika kama mtoto. Zilikuwepo siku nzuri, zikaja mbaya zikazifuta, dawa ya kwanza ikamkataa akabadilishiwa. Ilichukua muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotaka. Siku moja Sambath alikuwa anarudisha lori nyuma uani, na kutoka uvunguni ikasikika sauti: "Hivi unaegesha au unalitafutia kaburi?" Sambath alizima injini akalaza paji la uso kwenye usukani.

Tatizo likabaki moja. Bi Yoeun alikuwa ameshatangaza doriani.

Kukubali kwamba alidanganywa? Mbele ya Bi Sarom? Bora afe. Kwa hiyo madoriani ya Kampot yalipoiva, mwezi wa sita, alipanda pikipiki ya kukodi mwenyewe, akarudi na doriani moja kalipakata kama mjukuu, akapita nalo polepole mbele ya meza ya tambi. Jioni ile alilipasua uani na harufu ikatembea mpaka kwa mkuu wa kijiji. Alichoma kokwa mpaka likawa jivu, akalikoroga kwenye kikombe cha pombe ya mchele, akaita majirani waje washuhudie.

"Kunywa," akamwambia Chanthou.

Chanthou alikitazama kikombe. Alimtazama yule mwanamke mbishi, mjuaji, mwenye kiburi, aliyerudi nyumbani siku ile kuja kumgombeza. Majirani walikuwa wamenyoosha shingo. Angeweza kusema neno moja tu, na kijiji kingecheka mwaka mzima.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Doriani lile lilinimaliza kweli."

Akakitia mdomoni kidogo tu, kiasi cha kulowesha ulimi. Kilikuwa kibaya kuliko alivyofikiri. Uso wake ukakunjamana wote, pua ikapanda, jicho moja likafumba, na kutoka mapajani mwa Sambath mtoto akapasuka kicheko, kicheko kikubwa cha tumbo, mpaka akapiga kwikwi. Watu wakageuka kumwona. Piseth alikuwa macho, na alikuwa anamtazama mama yake.

Chanthou akakunja uso tena.